Bagpaipu: mikono miwili, mabomba saba

Watu wakimwangalia mtu anayepiga bagpaipu macho yote yanaenda kwenye vidole. Mi naangalia yale mabomba mengine, yanayolala begani au mapajani yakivuma noti ileile toka wimbo unaanza mpaka unaisha, yale ambayo mtu asiyejua anadhani yamewekwa kwa ajili ya mapambo. Nimeyafuatilia hayo mabomba kwa muda sasa, na nikikaa na mtu anayependa ala za muziki mazungumzo yangu lazima yaishie hukohuko, kwaiyo nimeona bora niandike tu nitoe yote kichwani.

Tuanze na shida yenyewe, manake bila kuielewa hiyo shida hizi ala zote zitaonekana kama kazi ya fundi aliyekosa cha kufanya. Bagpaipu ni mfuko wa hewa unaoubana kwapani. Kwenye mfuko limechomekwa bomba lenye matundu ya vidole, wenyewe wanaliita chanta, hilo ndo linatoa wimbo, alafu kuna mabomba ya mvumo ambayo hayana matundu ya vidole kabisa. Kila bomba lina tete lake, yaani kile kijiti chembamba kinachotikisika na kutoa sauti, huko ndani ambako mdomo wa mpigaji haufiki. Ukibana mfuko hewa inayafikia matete yote kwa pamoja na yote yanalia. Huwezi kulikatiza moja kwa ulimi kama anavyofanya mpiga klarineti, huwezi kulipunguzia hili pumzi ukaliongezea lile, mikono yako yote miwili iko kwenye chanta, kiwiko kimoja kinabana mfuko, na kama ni bagpaipu ya mvukuto basi kiwiko cha pili nacho kinapiga kazi. Sasa ukitaka mvumo unyamaze, au uhamie noti nyingine katikati ya wimbo, utatumia nini? Pua?

Hayo mabomba yote ya ajabu ninayotaka kuyaongelea ni majibu ya hilo swali. Mengine ni majibu ya akili sana, mengine, wacha tu.

Kwanza kidogo kuhusu sauti yenyewe. Bomba la mvumo la kawaida, kama lile la Uskoti, tundu lake la ndani halipanuki kama tarumbeta, upana wake unabaki karibu uleule likishuka (mafundi wanaweka vituo vya kupanua na kubana humo ndani lakini picha kubwa ni hiyo), na juu kuna tete la ulimi mmoja, yaani kijiti cha tete kilichochanwa upande mmoja ule mkato ukabaki unapigapiga. Upande wa tete unafanya kazi kama umezibwa. Bomba la aina hiyo, lililozibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, linatoa wimbi lenye urefu mara nne ya bomba lenyewe, na hii ni bahati kubwa kwa fundi kwa sababu anapata sauti nzito sana kutoka kwenye bomba fupi. Fanya hesabu: mvumo wa besi wa bagpaipu ya Uskoti siku hizi uko kwenye hezi 120 hivi (mitetemo 120 kwa sekunde), sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa 120 alafu gawanya tena kwa 4, unapata sentimita 71. Si vibaya, unaliweka begani na maisha yanaendelea.

Halafu kuna rangi ya sauti. Bomba la namna hiyo nguvu yake kubwa inaangukia kwenye namba witiri, yaani juu ya noti ya msingi inakuja ya mara tatu, ya mara tano, ya mara saba. Ile ya mara tatu ni noti ya tano ya skeli juu ya oktava (oktava ni noti ileile ikirudi kwa juu au kwa chini), ndo maana ukisikiliza kwa makini mvumo mmoja uliotyuniwa vizuri unasikia kama kuna mtu mwingine anaimba humo ndani kwa juu. Kule Uskoti ni mabomba matatu, mawili ya tena (hapa tena ni jina la sauti, iliyo juu ya besi) yanavuma oktava moja chini ya noti ya A ya chanta na besi oktava nyingine tena chini, na yakikaa sawa yote matatu zile sauti za juu zinashikana mpaka hujui ipi imetoka wapi. Yasipokaa sawa, utakimbia.

Kumbuka pia kwamba ni umbo la tundu la ndani linaloamua hii tabia, tete haliamui kitu hapo. Ukichukua tete la ndimi mbili, kama lile la obo, ukalipachika kwenye bomba lenye tundu la upana uleule, bado litakupa sauti nzito ya bomba lililozibwa. Wafaransa walilitumia hilo vizuri sana.

Wafaransa nawaongelea kwa sababu ya musette de cour, bagpaipu ya ikulu na majumba ya wakubwa, karne ya 17 na ya 18. Hii ilikuwa ala ya watu wenye pesa waliotaka kujifanya wachungaji wa kondoo kwa jioni moja, mfuko umevishwa mahameli, mabomba ya pembe za ndovu, na hewa inatoka kwenye mvukuto uliofungwa mkononi ili mheshimiwa asivimbe mashavu mbele za watu. Usiuchukulie huo mvukuto kama urembo tu. Hewa ya mdomoni ina unyevu, na unyevu unaua tete jembamba. Hewa ya mvukuto ni kavu, kwaiyo fundi anaweza kutumia matete madogo laini na njia za hewa nyembamba mno bila kuogopa kwamba zitajaa mate. Angalia orodha ya bagpaipu zenye mitambo migumu kupita zote, ile ya Ufaransa, ile ya Northumberland, ile ya Ayalandi, zote ni za mvukuto.

Sasa mvumo wa musette. Hakuna bomba la begani. Kuna kipande kimoja cha pembe au mbao ngumu, mviringo, urefu kama sentimita 15 hivi, unaweza kukifumbata mkononi. Ukikikata katikati utakuta kimetobolewa njia nyingi za hewa zinazokwenda sambamba, na njia hizo zimeunganishwa huku juu na kule chini ili hewa ishuke, ipande, ishuke tena, ipande tena, kama utumbo ulivyojikunja tumboni. Kwaiyo mvumo ambao ungehitaji bomba refu linakwenda mpaka magotini unakaa wote ndani ya kiganja. Na hapo ni mvumo mmoja tu. Humohumo ndani kuna mivumo mingine, yote pamoja minne au mitano, kila mmoja na tete lake la ndimi mbili na safari yake ya kujikunja. Anayetoboa hayo matundu akikosea kidogo drili ikaingia njia ya jirani, kipande chote cha pembe kimeenda.

Wazo la kukunja si lao peke yao. Ala ya rakiti ambayo Mjerumani Praetorius aliielezea mwaka 1619 nayo ni kopo fupi lenye matundu 9 sambamba yaliyoungana, inatoa besi ya kutisha kutoka kwenye kitu kifupi mno. Ila musette ina kitu cha zaidi. Pembeni mwa ule mviringo kuna mifereji iliyochongwa kwa urefu, kila mfereji unafunguka ndani kwenye njia fulani ya hewa, na ndani ya mfereji kuna kipande kidogo kinachoteleza juu na chini. Ukikisogeza, unaamua hewa itokee wapi. Ikitokea mapema mvumo unakuwa mfupi na sauti inapanda, ikitokea mbali sauti inashuka, na ukikisukuma mpaka mwisho mlango unafungwa kabisa na ule mvumo unanyamaza. Kwa hiyo tete moja lina noti kadhaa za kuchagua, na mpigaji anaweza kutoka kwenye mvumo wa C akaenda G bila kubadilisha hata bomba moja, anasogeza tu vile vipande. Borjon aliielezea musette kwenye kitabu chake mwaka 1672, na Hotteterre akatoa mwongozo wake mwaka 1737, na huko unaona kabisa kwamba kuipanga mivumo ilikuwa ni sehemu ya kujifunza ala yenyewe.

Lakini angalia kilichotatuliwa na ambacho hakijatatuliwa. Vile vipande vinasogezwa kati ya wimbo na wimbo. Wakati unapiga, mikono imebanwa palepale. Wafaransa waliliona hilo na wakaja na jibu la pili, ambalo kwa maoni yangu ndo la maana kuliko yote: wakaongeza chanta ya pili ndogo pembeni ya ile kubwa, imezibwa mwisho, haina matundu ya wazi hata moja, ina vibonye tu. Vibonye vyote vikifungwa hewa haina pa kutokea, tete halitikisiki, kimya. Ukibonyeza kimoja, tundu linafunguka na noti inalia mpaka utakapoachia. Vibonye hivyo vinapigwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kidole gumba cha kulia, yaani vile vidole ambavyo kwenye chanta kubwa vina nafasi kidogo. Hiyo chanta ndogo inahusishwa na Martin Hotteterre, wa ukoo uleule wa mafundi na wapigaji. Bomba lililozibwa, linaloamka likibonyezwa tu. Lishike hilo.

Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, wao walikwenda njia ya utulivu zaidi. Bagpaipu zao ndogo zina chanta iliyozibwa mwisho, ukifunika matundu yote inanyamaza, kwaiyo kila noti inatoka imekatika safi, hazivutani. Mabomba ya mvumo yamepangwa kwenye kitako kimoja cha mbao yanalala kifuani, mara nyingi ni manne na wanaopiga wanatumia matatu kwa wakati mmoja. Kila bomba mwisho wake lina kizibo cha kusukuma, ukisukuma limezimika, ukivuta limewaka. Na pembeni lina tundu lililofunikwa na pete, ukizungusha pete tundu linaachwa wazi na bomba linakuwa limefupishwa kiasi cha kupanda toni moja. Basi. Hakuna fumbo, mtoto angeelewa, na ndo maana nadhani imedumu bila kubadilishwa sana. Robert Reid wa North Shields, mwanzoni mwa karne ya 19, ndiye aliyeipa chanta yake vibonye vingi, na chanta ikipanda kwenda funguo nyingine za muziki mvumo nao lazima ufuate, vinginevyo unapiga wimbo wa D juu ya mvumo wa G na masikio yanauma. Bado lakini ni mtambo wa kati ya nyimbo. Wimbo ukishaanza umeshaanza.

Wengine wakasema, kama vidole viko kwenye chanta, kwa nini tusiulete mvumo pale vidole vilipo? Duda ya Hungaria imefanya hivyo. Chanta yake ni kipande kimoja cha mbao chenye njia mbili sambamba, moja ya wimbo na nyingine ina tundu moja tu, na hiyo ya pili inacheza kati ya noti ya msingi na noti ya nne ukihesabu kushuka kutoka hiyo ya msingi. Mpigaji anainua kidole na kukirudisha, papa papa papa, na mvumo ambao ungekuwa umekaa kama gogo unageuka kuwa ngoma. Mvumo mrefu wa kawaida bado upo pembeni unanguruma. Kule Gascony, kusini magharibi mwa Ufaransa, kuna boha, hii imekwenda mbali zaidi, haina kabisa bomba la mvumo la kusimama peke yake. Kuna kipande cha mbao cha pembe nne chenye njia mbili na mvumo uko humohumo karibu na wimbo, una tundu lake, unaushika kwa kidole. Ukiiona boha mara ya kwanza unatafuta mabomba yako wapi.

Zampogna ya kusini mwa Italia imevunja sheria kabisa. Kuna chanta mbili, moja kwa kila mkono, zote pamoja na mivumo zimechomekwa kwenye kitako kimoja kikubwa cha mviringo kinachoning'inia mbele. Mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unapiga wimbo, na mivumo ya zampogna nyingi ina matete ya ndimi mbili, kitu ambacho kwenye bagpaipu nyingine za kupuliza kwa mdomo ni nadra. Kwenye zile kubwa chanta ya kushoto ni ndefu mpaka kidole kidogo hakifiki tundu la mwisho, kwaiyo wameweka kibonye kimoja, na kibonye hicho kimefunikwa na kipipa cha mbao chenye vitobo kisije kikagongwa. Wameukubali mwili ulivyo, wakagawa kazi.

Haya, Ayalandi. Hapa nitakaa.

Bagpaipu za uilleann zilikua kutoka kwenye bagpaipu za karne ya 18 zilizoitwa za kichungaji, ambazo Geoghegan aliziandikia mwongozo miaka ya 1740. Unakaa kwenye kiti, mvukuto kwenye mkono wa kulia, mfuko kwenye wa kushoto, chanta inasimama juu ya paja. Mabomba mengine yote yamechomekwa kwenye kitako kimoja kinene na yanalala kukatiza paja la kulia. Mivumo ni mitatu na ikiwa ni seti ya D, tena inavuma noti ileile ya chini kabisa ya chanta, baritoni oktava chini, besi oktava nyingine. Besi hiyo ni hezi 73 hivi. Rudia ile hesabu ya mwanzo: 343 gawanya kwa 73 gawanya kwa 4, unapata zaidi ya sentimita 117. Mtu aliyekaa kitini bomba la zaidi ya mita ataliweka wapi? Kwaiyo wamelikunja, linakwenda mbele, linakutana na kona ya shaba, linarudi. Kwenye kile kitako kuna swichi, kibonye cha kuzungusha au kusukuma, kinachofunga hewa ya mivumo yote mitatu kwa mpigo mmoja. Ukitaka kutyuni chanta peke yake unazima, ukimaliza unawasha.

Na hapohapo pembeni ya mivumo ndo zimelala regulata.

Regulata ni lile wazo la chanta ndogo ya musette, limerudi likiwa kubwa na limevaa shaba. Sisemi kwamba Waairishi waliiga, nasema shida ileile imezaa jibu lilelile. Ni bomba lililozibwa mwisho, tundu la ndani linapanuka likienda chini kama chanta, tete ni la ndimi mbili kama la chanta, na juu yake kuna vibonye vya shaba vyenye springi na ngozi laini chini yake. Vyote vimefungwa muda wote. Presha ipo, hewa inasukuma tete toka sekunde ya kwanza, lakini haina njia ya kutokea kwaiyo tete limekaa limetulia linasubiri. Bonyeza kibonye, hewa inatoka hapo, noti inalia. Achia, inakatika palepale.

Ya kwanza kuja ilikuwa regulata moja, ya tena, mwishoni mwa karne ya 18, na mwongozo wa O'Farrell wa mwanzoni mwa karne ya 19 tayari unaizungumzia. Baadaye ikaja ya baritoni, kisha ya besi. Mpangilio uliozoeleka ni vibonye 13: tena ina 5 (F kali, yaani F iliyopandishwa nusu toni, G, A, B, C), baritoni ina 4 (D, F kali, G, A), na besi ina 4 (G, A, B, C). Regulata moja inatoa noti moja kwa wakati mmoja, ukibonyeza vibonye viwili vya bomba moja hupati noti mbili, kwa sababu ni tete moja. Ukitaka kordi, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, unahitaji regulata mbili au tatu kwa pamoja, na ndo maana vibonye vimepangwa vikalala sambamba, ili ukikatiza mkono mara moja uguse cha hii na cha ile.

Mkono gani? Hapo ndo utamu ulipo. Mkono wa kulia uko kwenye chanta unapiga, na regulata ziko chini yake palepale, kwaiyo unatumia ukingo wa kiganja, kule karibu na kifundo cha mkono. Vidole vinapiga wimbo, kifundo kinashuka kinagonga, kinapanda. Na noti zinapopanda kwenye sehemu ambayo inapigwa na mkono wa kushoto peke yake, mkono wa kulia unakuwa huru kwa muda, basi unauachia chanta kabisa unakwenda kwenye regulata kwa vidole, unachagua kordi nzuri, unarudi kabla wimbo haujakuhitaji. Juu ya hapo chanta yenyewe unaweza kuizima kwa kuikalisha kwenye kipande cha ngozi juu ya paja na kufunika matundu yote, na regulata zikabaki zinalia juu ya mivumo. Mtu mmoja, chanta moja, mivumo mitatu, regulata tatu. Leo Rowsome, aliyezaliwa 1903 na kufariki 1970, fundi na mpigaji pia, alikuwa anazifanya regulata zitembee na mdundo kwa namna ambayo ukisikiliza rekodi unatafuta mtu wa pili yuko wapi.

Sasa niseme ukweli, regulata zina mapungufu yake na wapenzi wake wengi wanayaruka. Rudi kwenye ile orodha ya noti uitafute E. Haipo. Tena hana, baritoni hana, besi hana. Na muziki wa Ayalandi umejaa nyimbo zinazokaa kwenye E, kwaiyo kwenye nyimbo hizo regulata zinakupa kila kitu isipokuwa ile noti ya nyumbani, unazungukazunguka na G na B ukijifanya hakuna aliyeona. Chini ya kila kordi pia mivumo inaendelea kusema D, D, D, kwaiyo kordi ya C inakaa juu yake kwa shingo upande. Wengine wanauona huo msuguano kama utamu, mi kwenye wimbo wa taratibu sawa, kwenye wimbo wa kasi naona ni kelele.

Alafu presha. Chanta ya uilleann inaingia oktava ya pili kwa kuongezewa presha, unabana mfuko zaidi. Presha hiyohiyo inafika kwenye regulata, na tete la ndimi mbili likisukumwa zaidi linapanda sauti. Fundi inabidi atengeneze tete la regulata gumu kiasi kwamba lisiteleze presha ikipanda, ila lisiwe gumu mpaka likatae kuamka kibonye kikibonyezwa ghafla. Mivumo ina nafuu kidogo hapo: tete la ulimi mmoja likikaa vizuri linavumilia, na ukitaka kulirekebisha unausogeza ule uzi uliofungwa kwenye ulimi ili kuufupisha au kuurefusha, au unaweka tone la nta kwenye ncha ya ulimi iwe nzito na sauti ishuke. Regulata nayo inatyuniwa kwa njia ya kijanja: kwenye ile ncha iliyozibwa inapita fimbo nyembamba inayoingia ndani ya bomba, ukiisukuma inaiba nafasi ya hewa, ukiivuta inairudisha, na noti zinasogea. Haisogezi noti zote kwa kiasi kilekile hata hivyo, ukiponya A unaweza kuiharibu F kali, ndo maana utawaona wenye seti kamili wanatyuni huku wenzao wameshakunywa na kumaliza.

Pamoja na hayo yote watu walitaka zaidi. Ndugu wawili, William na Charles Taylor, walitoka Drogheda wakahamia Marekani wakaweka karakana Philadelphia, na huko mwishoni mwa karne ya 19 walitengeneza seti zenye sauti kubwa za kusikika ukumbini, maana mpigaji sasa alikuwa jukwaani mbele ya watu wengi, si sebuleni tena. Patsy Touhey, aliyekuwa maarufu kwenye majukwaa ya Marekani na akauza hata rekodi zake mwenyewe za silinda za nta, alipiga seti yao. Baadhi ya seti za enzi hizo zina vibonye vya ziada vya kujaza noti zinazokosekana, na regulata zaidi ya tatu, besi mbili, mabomba yamekunjwa kona juu ya kona, shaba inang'aa kila upande. Ukiziona kwenye picha unajiuliza mtu anakaaje hapo katikati.

Na hamu ya kuweka vibonye kila mahali ilikuwa ya zamani kuliko hata Waairishi. Sordellina ya Italia, ambayo Mfaransa Mersenne aliielezea mwaka 1636, tayari ilikuwa na chanta kadhaa zilizosheheni vibonye. Karibu karne nzima kabla yake kulikuwa na phagotus ya padri Afranio wa Ferrara, iliyoelezwa mwaka 1539 kwenye kitabu cha mpwa wake, kitabu ambacho chenyewe kilihusu lugha za mashariki, usiniulize bagpaipu ilifikaje humo. Ilikuwa na nguzo mbili zilizoungana, matete ya chuma, mfuko huku na mvukuto kule. Ilibaki kuwa ya kwake yeye, haikuenea.

Kilichozuia regulata zisiendelee kuongezeka nadhani ni matete tu. Seti kamili ya kawaida ina matete 7: la chanta, matatu ya mivumo, matatu ya regulata, na hewa ikibadilika unyevu kila moja linabadilika kwa ratiba yake. Ukiongeza regulata ya nne na ya tano umeongeza vitu viwili vya kukasirika, umeongeza hewa inayotakiwa kila unapogonga kordi, na kiwiko cha mvukuto ndo kinalipa. Ndo maana mpaka leo anayejifunza uilleann haanzi na vyote. Anaanza na mfuko, mvukuto na chanta peke yake. Akikomaa anaongeza mivumo mitatu, hiyo wanaiita nusu seti. Regulata zinakuja mwisho kabisa, baada ya miaka, na wapo wengi wazuri sana wanaobaki na nusu seti maisha yao yote na wala hawana kinyongo.